Thamani ya Safari ya Kumi na Moja

Ukienda Soko Kuu la Songea kununua maharage, ukishapimiwa kisado chako huondoki papo hapo. Unasimama na mfuko wako wazi, unamtazama mama muuzaji usoni, naye anajua unangoja nini. Anachota konzi moja, anaimwaga juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Haiandikwi, haina mkataba, na ukiikosa leo kesho unahamia meza ya jirani. Uzuri wake ni huo tu: unaiona, unaibeba, unaipika.

Kampuni za usafiri nazo zimejifunza kutoa nyongeza, lakini yao haimwagwi siku hiyo hiyo. Wanakuandikia. Wengine wanagonga mhuri kwenye kadi, wengine wanahesabu maili, wengine wanakutumia meseji kwamba una pointi kadhaa, hongera sana. Konzi la maharage linabaki mkononi mwa muuzaji, nawe unapewa ahadi. Ndugu msomaji, mimi si mtu wa kuruka na ndege kila wiki. Ni kijana wa Songea, nakaa Bombambili, na safari zangu nyingi ni za miguu. Lakini nyumbani kwetu tulikaa kikao kizima cha ukoo kwa ajili ya ahadi ya namna hiyo, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: hivi pointi ina thamani gani, na nani anayeipanga?

Jambo lenyewe si geni kama linavyoonekana. Vitabu vya biashara hupenda kutaja mwaka 1981, shirika la ndege la American Airlines lilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage, wa kuwahesabia abiria maili walizoruka na kuwalipa kwa safari. Lakini wazee wetu wa tumbaku wangecheka. Huku kwetu chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianza mwaka 1936, na kanuni ya ushirika, ile iliyotoka kwa wafumaji wa Rochdale kule Uingereza mwaka 1844, inasema kwamba bakaa ikipatikana igawiwe kwa kadiri kila mwanachama alivyofanya biashara na chama chake. Aliyeleta nyingi apate zaidi. Hiyo nayo ni pointi! Tofauti ni moja, nami nitairudia baadaye: mwanachama wa ushirika alikuwa na haki ya kusimama mkutanoni akauliza, "Mwenyekiti, mbona mwaka huu mafungu yamepungua?" Mwenye kadi ya basi hana mkutano.

Sasa tuje kwenye kadi. Ni ya mama mdogo. Yeye ni mfanyabiashara wa viazi mviringo: anapanda basi hadi Njombe, ananunua magunia, anayapakia kwenye fuso, kisha anarudi Songea kwa basi ili ayapokee. Kampuni aliyoizoea (jina lake tuliache) ilitoa kadi ndogo ngumu yenye vyumba 10. Kila tiketi mhuri mmoja. Mihuri 10 ikitimia unapewa safari moja bure. Na hapa ndipo utamu ulipokuwa: kadi haikusema safari ipi. Mihuri yote ilikuwa sawa, wa Njombe na wa Dar, na tiketi ya bure ilikuwa nzuri kwa njia yoyote ya kampuni hiyo, na mwenye kadi aliweza kumpa mtu mwingine.

Mama mdogo aliianza kadi Oktoba 2023, akaijaza Machi 2024. Siku aliyoijaza aliiweka mezani, akasema, "Haya, msomi wa nyumba, nimepata nini hapa?"

Nikachukua kalamu. Nauli za mabasi ya mikoani hapa Tanzania hazipangwi kwa matakwa ya mwenye basi peke yake. LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, huweka kikomo kwa kilomita, na kampuni hiyo hutoza kikomo hicho hicho. Hadi mwanzoni mwa Desemba 2023 kikomo kwa basi la daraja la kawaida kwenye lami kilikuwa Sh. 41.29 kwa kilomita, kisha kikapandishwa kuwa Sh. 48.47. Songea hadi Njombe ni kama kilomita 237. Kwa hiyo safari zake 4 za kwanza alilipa kama Sh. 9,800 kila moja, na 6 zilizofuata kama Sh. 11,500. Jumla kama Sh. 108,000.

Ukiitumia tiketi ya bure kwenda Njombe umepata Sh. 11,500, kama 11 kwa kila 100 uliyolipa. Si haba. Lakini Songea hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 950, yaani kama Sh. 46,000. Kadi ile ile, mihuri ile ile, jasho lile lile. Ukiitoa dirishani kwa Njombe ni kisado, ukiitoa kwa Dar ni visado vinne. Mara nne!

Kuna jambo la pili nililoliona kwenye hesabu ile, nikalipigia mstari. Mihuri ya kwanza ilipatikana nauli ikiwa chini, na tiketi ilikuja kutumika nauli ikiwa juu. Kadi haikujali. Kwa nini? Kwa sababu ilihesabu safari, haikuhesabu shilingi. Ahadi ya safari hupanda pamoja na nauli. Ahadi ya shilingi hubaki pale pale huku nauli ikipanda ngazi. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya pointi za namna mbili, chagua ile iliyoandikwa kwa jina la kitu unachokitaka.

Basi, tungeiweka kadi ile kabatini kwa raha zetu kama si karatasi. Ilibandikwa kwa gundi kwenye kioo cha ofisi ya kukatia tiketi, pale stendi ya Shule ya Tanga, mistari mitatu tu: kuanzia tarehe 1 Mei tiketi ya bure itatumika kwa njia ile tu ambayo mteja aliipatia mihuri yake. Maana yake mihuri ya Njombe itakupeleka Njombe. Hakuna aliyeuliza wenye kadi, na karani wa dirishani hakuwa na la kusema zaidi ya, "Mimi nami nimelikuta limebandikwa." Elfu 46 ikageuka elfu 11 kwa karatasi moja na gundi.

Lakini tusiione hii kuwa tabia ya Songea tu. Shirika kubwa la Delta la Marekani liliwahesabia abiria wake maili kwa umbali kwa miaka mingi. Mwaka 2015 likaanza kuwahesabia kwa fedha walizolipa. United nao wakafuata mwaka huo huo, na American, wale waliokuja na AAdvantage, wakafuata mwaka 2016. Mtu aliyezoea kukata tiketi za bei nafuu za masafa marefu aliamka akakuta kipimo si kile tena. Karatasi yao ilikuwa nzuri zaidi, lakini gundi ni ile ile. Mwenye pointi ana mali ambayo kipimo chake kiko mkononi mwa mwingine. Ndiyo maana kuzilimbikiza si kuweka akiba, ni kumkopesha mtu bila riba huku yeye ndiye anayeshika daftari.

Aprili hiyo hiyo mama yangu alikuwa na tarehe. Nyonga ilikuwa imemsumbua mwaka mzima, na hospitali ya mkoa ilikuwa imemwandikia rufaa kwenda MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili. Safari ilikuwepo hata kama kadi isingekuwepo. Na mgonjwa wa nyonga hasafiri peke yake, kwa hiyo tulikuwa abiria wawili, mama na mimi. Tiketi ya bure moja.

Tukakaa. Kaka alikuwa na hoja yake, na naomba msomaji asiidharau. "Tuiuze," alisema. "Kuna watu pale stendi wanainunua kwa elfu 25 taslimu. Hela haichagui njia. Mama atahitaji dawa, atahitaji bajaji, atahitaji chakula. Tiketi haiendi duka la dawa." Mama mdogo akanigeukia. Nikasema kwamba kama tusingekuwa na safari, kaka angekuwa sahihi kabisa: tiketi ya Dar kwa mtu asiyekwenda Dar ni karatasi, na elfu 25 ni elfu 25. Lakini tunakwenda. Tukiiuza kwa 25 tutarudi dirisha lile lile kununua kwa 46. Tutakuwa tumemlipa mtu wa stendi elfu 21 kwa kazi ya kutubadilishia karatasi. Kaka akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe." Lile neno lake moja lilinipa nguvu kuliko makofi.

Katikati ya kikao binamu yetu akapiga simu kutoka Muscat. Yeye anafanya kazi Oman miaka mingi, na pointi anazijua kwa jina. Anakusanya za Sindbad, mpango wa Oman Air. Kule, alituambia, pointi huja na katalogi, na watu wengi huzimalizia humo. Yeye ana kanuni moja tu, nami niliiandika nyuma ya daftari. Chukua bei ya tiketi ambayo ungeilipa kwa fedha yako. Toa kodi na tozo, maana hata tiketi ya pointi utazilipa hizo. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya pointi wanazotaka. Hapo ndipo utajua kila pointi imekununulia nini.

Tuseme tiketi ni Sh. 600,000, kodi na tozo Sh. 200,000, na wanataka pointi 20,000. Zimebaki 400,000, kila pointi imeleta Sh. 20. Katalogi ina mashine ya kusaga juisi ya Sh. 80,000 kwa pointi 10,000: kila pointi imeleta Sh. 8. Sasa ngoja msimu wa sikukuu, tiketi ile ile ifike Sh. 1,000,000 na kodi zibaki pale pale. Ukifanikiwa kuipata kwa pointi zile zile 20,000, kila moja imeleta Sh. 40. "Ila sasa," binamu akasema, "siku hizo viti vya pointi vinakuwa vichache kama meno ya kuku. Ukitaka uwahi miezi kabla. Na mashirika mengine hupandisha pointi pamoja na bei, basi faida inakufa."

Tofauti hii ni ya kuijua. Bei ya ndege hupanda na kushuka kama homa, kwa hiyo mwenye pointi za ndege hutafuta siku. Nauli ya basi ina kikomo, siku ya sikukuu na siku ya kawaida ni ile ile kwa sheria, kwa hiyo mwenye kadi ya basi hatafuti siku, anatafuta umbali. Mama alikuwa akisikiliza kimya, akauliza kwenye simu, "Mwanangu, hizo pointi zako haziwezi kunirusha mimi kutoka Ruhuwiko?" Tukacheka wote. Pointi za binamu zinafika Dar es Salaam. Kutoka Dar hadi uwanja wetu wa Ruhuwiko hazina mabawa. Hilo nalo ni la kuangalia kabla ya kuanza kukusanya: je, wanakwenda unakokwenda?

Basi kadi iende Dar, na aende nayo mama. Hapo tulikubaliana upesi. Ugomvi ulianza kwenye daraja.

Kampuni ile ina mabasi ya aina mbili yanayokwenda Dar. La kawaida lina siti tano kwa mstari, magoti yanagusa siti ya mbele. La daraja la kati lina siti mbili mbili, unaweza kunyoosha mguu. Kikomo cha daraja la kati tangu Desemba 2023 kilikuwa Sh. 67.84 kwa kilomita, yaani kama Sh. 64,500 hadi Dar. Na tiketi ya bure ilikuwa nzuri kwa basi lolote. Kwa karatasi jibu ni rahisi: chukua ya elfu 64! Karibu 60 kwa kila 100 aliyolipa mama mdogo. Nani angekataa?

Mimi nilikataa, na sababu ni ya hesabu. Mama hakuwahi kupanda daraja la kati maisha yake yote. Bila kadi angepanda la kawaida. Kwa hiyo fedha ambayo kadi inatuokolea ni elfu 46, haifiki 64. Zile 18 za juu ni za kitu ambacho tusingekinunua. Tena mimi lazima nikae karibu yake. Akipanda la kati nami nipande la kati, nilipe elfu 64 badala ya 46. Ndugu msomaji, unaona mtego? Tiketi ya bure ingetutoa elfu 18 zaidi mfukoni kuliko tukipanda wote la kawaida. Kampuni zinajua hili vizuri sana. Bure ni chambo. Samaki ni yule anayeifuata akiwa na pochi.

Mama akaniunga mkono haraka mno. "Siti ni siti," alisema. "Wote tunafika Mbezi. Hiyo elfu 18 nunueni mafuta na sukari." 

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Dada, wewe hujawahi kulipia kiuno chako hata mia. Ndiyo maana huyu mtoto kwenye daftari lake kiuno chako amekiandika sifuri."

Pakawa kimya. Kwa kweli sikuwa na jibu, kwa sababu hakuwa amepinga hesabu yangu. Hesabu ilisimama vizuri. Ilijengwa juu ya swali, "Ungelipa kiasi gani kwa fedha yako?" Swali hilo ni zuri kwa binamu wa Muscat, ambaye akitaka kitu ana uwezo wa kukilipia. Lakini kwa mwanamke aliyezoea kujinyima tangu ujana, jibu litakuwa dogo siku zote, si kwa sababu kitu hakina thamani kwake, ila kwa sababu hajazoea kujihesabu. Ukimuuliza mama yangu angelipa nini asiumwe kuanzia milima ya Lukumburu hadi Morogoro, atakwambia, "Maumivu ni ya Mungu." Hiyo si bei. Hiyo ni heshima na umaskini vikizungumza kwa sauti moja.

Mama mdogo akaweka kisu chini. "Kadi ni yangu," akasema, "na viazi ni vyangu. Elfu 18 si hela ya nyonga ya dada yangu. Nitatoa mimi." Na kikao kikaisha, kama vinavyoisha vikao vyetu, kwa chai.

Tulisafiri wiki ya tatu ya Aprili, mvua inanyesha. Siku nzima barabarani: Madaba, Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa, tukateremka Kitonga taratibu, Mikumi, Morogoro. Mama alinyoosha mguu wake kuelekea kwenye njia ya katikati na kila kondakta alipopita aliukunja na kuomba radhi, kana kwamba ameazima nafasi ile. Baada ya Makambako akaacha kuomba radhi. Baada ya Iringa akalala. Tulipofika stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku, aliteremka ngazi za basi kwa miguu yake, ameshika bomba kwa mkono mmoja, nami nilibeba mabegi tu. Asubuhi yake alikaa benchi la kliniki akingoja jina lake, mgongo umenyooka. Tulirudi Songea kwa basi la kawaida, kwa fedha taslimu, na kwenye safari hiyo ya kurudi nilijua elfu 18 ilikuwa imenunua nini. Sitaieleza zaidi; aliyewahi kumsaidia mzazi kushuka basi anaielewa.

Watu wakisikia nimefanya hesabu hizi huniuliza kanuni, nami huwapa bila kuficha. Usisafiri kwa ajili ya pointi. Zitumie kwenye safari ambayo ungeifanya hata bila hizo. Ya basi itumie mbali, ya ndege itumie siku ya bei kali. Usinunulie mashine ya juisi. Hesabu na kile ambacho "bure" itakufanya ulipe pembeni. Usizilaze kabatini, karatasi ya dirishani haibishi hodi. Hayo yote ni kweli, na yanatosha kwa mtu wa kawaida. Ila ukifika mahali pa kuandika thamani ya kitu, angalia kwanza ni nani unayemuuliza bei, na kama maisha yamewahi kumpa nafasi ya kuitaja.

Mama mdogo ana kadi mpya, ya sheria mpya. Siku moja nilimkuta anajiandaa kwenda Njombe wakati bei ya viazi kule imepanda, nikamtania, "Mama mdogo, unafuata mhuri?"

Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaniangalia kama mtoto mdogo. "Mimi nafuata viazi," alisema. "Mhuri ndio unaonifuata mimi."